Kioo Nilichosema Kimevunjika

Mwanangu Mrisho,

Nakusalimu kana kwamba uko mbali, na huku nakusikia uani unapiga mluzi na kugombana na kamba ya sanduku. Sasa hivi ni baada ya alasiri. Nimejifungia chumbani, nimemwambia jirani kichwa kinaniuma, na wewe umeshapita dirishani mara mbili kuniuliza kama nimekunywa chai. Nimekunywa, baba. Niache niandike.

Naandika kwa herufi za chuoni, za Kiarabu, kwa sababu hizo za Kizungu hazikuwahi kunikaa mkononi. Utazisoma, maana nilikusimamia mwenyewe mpaka ukahitimu, na masikio yako yanakumbuka. Barua hii nitaificha usiku ukilala, chini kabisa ya sanduku, chini ya kile kitambaa cheusi cha kamera, uikute ukiwa umeshafika Geita. Nakujua. Ukiisoma hapa hutaondoka, na ukiisoma njiani utashuka kwenye lori pale Kagongwa linapopakia karanga, urudi kunibembeleza. Sitaki kubembelezwa.

Mambo ya chandarua sitakuagiza, wala ya maji ya kuchemsha, wala ya kujihadhari na vurugu za kambi za wachimbaji. Unayajua. Mtu anayefuta lenzi kabla ya kufuta uso wake hahitaji kufundishwa usafi na mama yake. Nataka kusema habari zangu mimi, na habari ya lile pipa la maji moto kule kwenye nyumba ya kinu cha pamba. Miaka mitano hatukulitaja humu ndani. Tumezungumza mvua, ng'ombe, arusi za watu, bei ya karatasi za picha, pipa hatukuligusa. Leo naligusa.

Wewe ulizaliwa ukaikuta studio. Mimi niliolewa nikaikuta. Marehemu baba yako alijifunza kazi kwa fundi mmoja Mgoa kule Tabora, akaja nayo Shinyanga na kamera moja, pazia moja na koti moja. Alipofariki, niliishika kamera mwenyewe miaka minne, kwa wanawake zaidi, wale ambao waume zao hawakutaka wasimame mbele ya mwanamume. Kisha ukawa mrefu wa kutosha kuchungulia bila kupanda kigoda, na mara ya kwanza nilipoona picha yako nikajua kamera si yangu tena. Sikuona wivu. Au niliona kidogo, ukapita.

Mimi nikabaki na kazi ya kuwaandaa watu, na kazi hiyo niliipenda. Mtu akitoka Didia au Mwakitolyo kwa miguu, vumbi mpaka kwenye kope, hakuja kupigwa picha ya vumbi. Nilikuwa na beseni langu, kitana changu na chupa ya mafuta ya nazi. Mafuta kidogo kwenye paji la uso, kidogo mikononi, halafu koti la baba yako, nalibana kwa nyuma kwa mwiba kama mtu ni mwembamba. Atakayekuja kuziona picha zetu zote siku moja atadhani Shinyanga nzima ilikuwa na koti moja, na ndivyo ilivyokuwa. Mwenye jicho bovu nilimgeuza upande. Mwenye pengo nilimwambia afumbe mdomo awe na heshima. Hakuna mtu aliyetoka nyuma ya pazia langu akiona haya, na hilo nilijivunia kuliko jambo lolote nililowahi kufanya. Na kwenye arusi, unajua mwenyewe, mwali wa mji huu alikuwa hatolewi mbele ya wakwe mpaka nimemsugua mimi.

Ndiyo maana yule bwana mkaguzi alipokuja na karatasi yake sikumwelewa hata kidogo. Mwenye kinu alikuwa anauza nyumba, ile ya njia ya Didia, na mnunuzi alikuwa Mwanza, hana nafasi ya kuja kuiona. Alitaka picha. Nikasema vizuri, tutampigia baraza, tutampigia na ile bustani. Mkaguzi akakupa karatasi ukanisomea: injini, pampu, tangi la juu, mabomba, jiko la chuma, dohani, pipa la maji moto.

"Maana yake nini?" nikakuuliza.

"Maana yake kila kinachozunguka, kinachochemka na kinachopitisha maji," ukasema. "Nyumba yenyewe hataki."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nani anapiga picha ya bomba? Picha ya bomba atapewa nani? Wewe hukucheka. Uliikunja karatasi ile mara mbili ukaitia mfukoni, nikaona uso wako umetulia kwa namna ambayo sikuwahi kuiona ukiwa na maharusi. Ulikuwa na miaka kumi na tisa, na ulikuwa umechoka na koti.

Nataka ujue kwamba siku ile nilikuangalia. Nilijifanya nashughulika na vikapu, lakini nilikuangalia. Ulimwomba Masanja, mpishi wa nyumba ile, awashe injini, kisha ukasimama kando umefumba macho unaisikiliza, na ulipofumbua ukaenda moja kwa moja kwenye mkanda wake ukaupiga picha mahali ulipochanika. Ulipanda kwenye tangi na kamera mgongoni nikawa nasoma kila dua niliyoijua. Ulilala kifudifudi kwenye majivu, na kanzu ile ilikuwa mpya ya Idi, ili upate bomba linalopita chini ya ukuta. Na kila mahali uliweka kile kiberiti chako, kando ya kila chuma, nikadhani umekisahau, nikakiondoa, ukakirudisha. Ukaniambia mtu wa Mwanza hajui tangi lina ukubwa gani, lakini kiberiti anakijua. Mimi ambaye nilikuwa kwenye kazi ya picha kabla hujazaliwa, hilo sikuwahi kuliwaza. Sikukwambia siku ile. Nakwambia leo: ulikuwa fundi kuliko baba yako, na baba yako angesema hivyohivyo.

Kisha tukafika nyuma ya jiko.

Pipa lilikuwa juu ya mawe, moto chini yake, bomba linaingia ukutani kwenda bafuni. Kwenye mshono wake chumvi nyeupe ilikuwa imeganda, na chini ya ile chumvi mstari wa kutu umeshuka mpaka kwenye jiwe. Chini kabisa, debe la kukingia matone. Mimi nilipoliona niliona aibu ya mwenye nyumba. Mwanamke wake alikuwa amesafiri, watumishi wamelegea, na sasa nyumba inapelekwa kwa watu wa mbali wakaione, haijasuguliwa. Kwangu ilikuwa mwali. Nikachukua majivu jikoni, nikachukua kitambaa.

"Mama, usiguse," ukasema. "Hapo ndipo penyewe."

"Penyewe pa nini? Mtu anauza nyumba yake, wewe unataka kumwonyesha kamasi?"

"Mkaguzi ameomba alione lilivyo."

"Atalionaje, na chumvi imeliziba hivi?"

Ulikuwa umeshaingiza kichwa chini ya kitambaa cheusi. Mimi nilikuwa nimeshanyoosha mkono. Ukapiga, nikasikia kifuniko cha lenzi kikirudi, na mimi nikaendelea. Nilisugua pipa lile mpaka kutu yote ikatoka. Chumvi niliikwangua kwa kisu. Maji yalipoanza kutiririka pale pale nilipokwangua, sikushtuka wala sikujiuliza. Nilichukua kipande cha sabuni nikakipachika kwenye mshono, tunavyoziba debe linalovuja, nikapaka mafuta juu yake, nikaondoa lile debe. Halafu nikakuamuru upige tena.

Lilikuwa zuri, Mrisho. Naona aibu kusema, lakini lilikuwa zuri kweli, linang'aa mpaka ungeweza kuona mawingu juu yake. Ulipiga, na kiberiti hukukiweka.

Mkaguzi alitaka picha moja ya kila kitu. Nyumbani ulinitaka kioo cha kwanza, kile chenye picha ya pipa kabla sijalisugua, nikakwambia kimevunjika nilipokuwa nakiosha. Ulinitazama usoni, kisha ukanitazama vidole. Havikuwa na mkwaruzo hata mmoja. Ukasema basi utaandika nyuma ya picha ya pili kwamba pipa linavuja mshononi. Nikasema sawa, andika ukirudi msikitini. Uliporudi nilikuwa nimeshafunga bahasha na nimeshatoka posta. Nilifanya vile nikiamini nakufundisha adabu.

Hata mwezi haukuisha. Mnunuzi alihamia na watu wake, asubuhi moja Masanja akawasha moto wa maji ya kuoga, mshono ukafunguka wote mara moja, na yeye alikuwa ameinama mbele yake anachochea kuni. Habari niliipata sokoni, kwa mwanamke aliyekuwa ananipimia dagaa. Mkono wa kulia mpaka kwenye kiwiko, akasema, ngozi imetoka na kitambaa. Niliondoka nikaacha dagaa wangu kwenye mizani.

Bwana mkaguzi alikuja siku ya nne. Alikuwa na ile picha mkononi, na akaiweka mezani juu ya kitana changu. Alisema alilikuta pipa limepasuka na sabuni imeyeyuka ndani ya mshono, na alitaka kujua jambo moja tu: nani alilipamba? Nilikuwa mjane mwenye studio moja, Mrisho. Nililiona pazia langu likishushwa, nikaliona koti la baba yako likipigwa mnada. Nasema haya ujue nilichokiogopa, sisemi ili unihurumie. Nikamwambia, "Vijana hawa, bwana. Ni huyu mwanangu. Hajajua kazi."

Wewe ulikuwa ndani ya chumba cha giza. Nilisikia maji ya beseni yakitulia. Ukatoka unajifuta mikono, ukasema, "Ni mimi, bwana." Basi. Hukunitazama hata kidogo, ili yule mtu asije akafuata macho yako. Akauliza jina lako lote akaliandika kwenye daftari lake, akaondoka, na mimi nikakuuliza kama unataka uji.

Uji! Miaka mitano nalifikiria swali lile. Mtoto amebeba mzigo wangu mbele ya macho yangu, mimi namuuliza uji. Nawe ukaunywa.

Tangu siku ile hakuna aliyekuita tena kupiga picha ya chuma. Reli walihitaji mtu, wakamchukua wa Tabora. Ulirudi kwenye koti na mwiba, ukawapiga watu vizuri, kwa upole, na kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi ulipanda baiskeli ukaenda Didia kwa Masanja, na tumbaku au chumvi kwenye mkoba. Ukirudi nilikuuliza njia ilikuwaje. Hujui jinsi nilivyokuwa nakuangalia ukiifuta baiskeli ile mavumbi. Nilikuwa nasema moyoni, huyu amezaliwa na nani? Mimi sikuenda kwa Masanja hata mara moja. Nilipata sababu kila mara: magoti, mvua, wageni. Ukweli ni kwamba niliuogopa mkono wake.

Sasa ikaja barua ya Geita. Bwana wa huko anakagua nyumba za mgodi zinazotaka kupata mwenye mpya, nyumba nyingi, na kila moja ina injini na pampu na pipa lake, na anataka mpiga picha anayejua kutazama. Ulinisomea barua ile barazani kwa furaha mpaka sauti ikakukatika. Ulisema atakujaribu mwezi mmoja. "Ndiyo kawaida yao, Mama." Lakini ukurasa wa pili, katikati, jicho lako lilishuka mistari miwili kwa pamoja. Mimi sijui herufi zile, ila nimekaa zaidi ya miaka ishirini nikiangalia nyuso za watu wakijiandaa kuficha kitu. Uliruka mstari.

Asubuhi yake ulipokwenda kununua dawa za picha, niliichukua barua nikaipeleka kwa mwalimu wa shule. Nikamwambia soma yote, usinichagulie maneno. Akasoma. Bwana yule anasema jina lako limemfikia na habari ya pipa lililopambwa likamuunguza mtu, kwamba amesikia una jicho zuri lakini hajui kama una moyo mnyofu, na kwamba katika mwezi huo mmoja, akikuta kitu kimefutwa hata kwa kidole, utarudi ulikotoka na hakuna mkaguzi yeyote katika nchi hii atakayekuita tena.

Nilikaa pale shuleni kwenye dawati la watoto mpaka mwalimu akaniletea maji. Wewe, Mrisho, mtu aliyenikataza kugusa, ndiye anayekwenda kujaribiwa kama atagusa.

Juzi nilikwambia naenda kuhani msiba. Nilikudanganya, na natumaini ndiyo ya mwisho. Nilipanda lori la pamba nikaenda Didia. Masanja nilimkuta nje ya nyumba yake anasokota kamba ya kufungia ndama. Anaikanyaga kwa mguu na kusokota kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa umelala pajani, vidole viwili vimeshikana.

"Mwangaluka, Mama Mlisho," akanisalimu kwa Kisukuma chake, na wala hakuonyesha kushangaa.

"Mwangaluka, baba. Leo nimekuja mwenyewe."

"Naona. Miaka mitano njia ilikuwa na tope?"

Sikukaa hata kwenye kigoda alichoniletea mkewe. Nilisema nikiwa nimesimama, maana nikikaa ningesema mengine. "Masanja, aliyelisugua lile pipa ni mimi. Na sabuni niliiweka mimi. Mrisho hakugusa kitu."

Akaendelea kusokota.

"Najua, mayu. Nilikuwa jikoni. Majivu uliyachota kwenye jiko langu. Na ile sabuni ilikuwa yangu, uliichukua bila kuomba."

Nilikosa pa kuweka uso. Nikamuuliza, "Kwa nini hukusema? Walipokuuliza, kwa nini hukunitaja?"

"Mwanao alikuja siku ya tatu, mkono ungali umefungwa. Akaniambia, baba, watakuja kukuuliza, sema ni mimi. Nikamwambia huo ni ujinga. Akasema, sawa, ni ujinga, lakini mama hana kingine, ana studio tu. Akakaa hapo ulipo mpaka nikakubali." Akaiacha kamba. "Na mimi nina langu. Lile pipa nililijua linavuja. Niliweka debe nikanyamaza, nikiogopa mwenye nyumba atasema nimeliharibu mimi. Tulilipamba wote wawili, wewe kwa majivu, mimi kwa kunyamaza."

Nililia. Unajua silii mbele za watu, lakini pale nililia kwa sauti.

"Usilie hapa," akasema, "mke wangu atadhani nimekutukana."

Nikamwomba radhi. Akasema, "Umeomba. Vidole havitafunguka, lakini umeomba. Wabeja kwa kuja. Sasa huyu kijana anaendaje huko na jina lile?" Ndipo nikaona kwamba nimekwenda mpaka Didia kutafuta kusamehewa, na yeye aliyeungua alikuwa anakufikiria wewe.

Kwa hiyo miaka mitano yote ni wewe uliyekuwa unaniruhusu nionekane mwema, na mimi sikujua. Ulikwenda kwa mtu aliyeungua ukamwomba anifiche, na ulifanya hivyo kabla hata mkaguzi hajaja, kabla hata sijakusaliti. Ulijua nitakusaliti. Hilo ndilo linaloniuma zaidi na ndilo linalonifanya nikuone mkubwa kuliko watu wote niliowahi kuwavalisha koti lile. Lakini mwanangu, uliniziba vibaya. Uliniziba kwa sabuni. Miaka mitano nimekaa nang'aa mbele ya majirani, wananisifu kwa kulea, na ndani nachuruzika.

Jana nimerudi kwa mwalimu. Nimesema, yeye ameandika kwa Kizungu, kisha nikamtaka anirudishie kwa Kiswahili neno kwa neno mara tatu. Ni barua kwa bwana wako wa Geita. Inasema nani alisugua, nani aliweka sabuni, nani alisema uongo mbele ya mkaguzi, na nani alisema usiguse. Chini nimeandika jina langu kwa herufi zangu. Masanja naye amekuja kwa lori la pamba leo asubuhi, ametia dole gumba, la kushoto. Bahasha haikufungwa, uisome. Na usiruke mstari.

Kuna kitu kingine ndani ya sanduku, kimefungwa kwenye kanga yangu ya zamani, ile nyekundu. Kifungue polepole. Ni kile kioo cha kwanza.

Hakikuvunjika. Nilikusudia kukivunja. Siku ile nilikipeleka uani nikakiinua juu ya jiwe la kusagia, nikasema nikitazame mara moja kwanza, nikakielekeza juani. Nikashindwa. Nilikuwa nimeona picha maelfu, zangu, za baba yako, za yule Mgoa, na hiyo ndiyo ilikuwa picha bora kuliko zote. Kila punje ya ile chumvi ilionekana. Mshono ulionekana unavyofumuka. Tone moja lilikuwa limening'inia linataka kudondoka, na kiberiti chako kimesimama kando ya debe. Mtu kipofu angejua pipa lile linakwenda kupasuka. Niliona fahari, Mrisho, katikati ya uongo wangu niliona fahari kwamba mwanangu ndiye aliyeipiga. Nikakifunga kwenye kanga. Sikukivunja kwa sababu ni kizuri, na sikukupa kwa sababu ya kile kilichokuwa pembeni yake.

Jana ulipokuwa sokoni nilikitoa nikachapa karatasi moja juani, mimi mwenyewe. Mikono bado inakumbuka. Hiyo karatasi iko ndani ya bahasha pamoja na barua. Upande wa kushoto wa picha utaona mkono wa mwanamke umeingia, umeshika kitambaa chenye majivu. Vidole vimetikisika kidogo, lakini bangili mbili za fedha zimetoka wazi kabisa, zile alizonipa baba yako, ambazo hakuna mtu Shinyanga asiyezijua. Ulikuwa unajua kwamba nimo. Ulipiga ukijua mkono wangu umeingia. Ndiyo maana hukukitafuta kioo kile tena.

Mluzi umekoma huko uani. Nadhani kamba imekubali. Nitatoka sasa, nitakwambia kichwa kimepoa, tutakula wali wetu na nitakukemea kwa kunyoa vibaya. Kesho nitasimama barazani mpaka lori lipotee na sitasema neno lolote kuhusu haya, maana mbele yako mdomo wangu hauna ujasiri ambao kalamu inao. Lakini ukishafika, mpe bwana wako ile bahasha siku ya kwanza, kabla hujafungua kamera. Asiposoma mbele yako, mwachie.

Na nakujua tena. Utakaa na kioo kile mbele ya taa, utakitoa kile kisu chembamba tunachokwangulia makovu ya watu kwenye vioo vya picha, utasema moyoni kwamba pipa linatosha, kwamba mama hana haja ya kuwemo. Nakuomba, baba yangu, mimi niliyekufundisha kukishika kisu kile. Kirudishe kwenye ala yake. Mkono wangu uache pale ulipoukuta.

Mama yako,
Binti Feruzi